Laini Ilikuwa Nzima

Laini ilikuwa nzima. Naanza na hilo kwa sababu nimelikataa kwa zaidi ya miaka thelathini, mbele ya mkuu wangu wa kazi, mbele ya marehemu mume wangu, na mara moja mbele ya mchungaji ambaye hata hakuwa ameniuliza. Kila niliposimulia habari za Mzee Maganga wa Ipole, nikifika mahali pale nilisema "bahati mbaya siku ile laini ilikuwa mbovu," nikaendelea. Haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima kutoka Tabora mpaka Dar es Salaam, nzima kuliko siku nyingine yoyote ya mwezi ule, na aliyeikalia ni mimi.

Nyinyi vijana mnaoandika programu mtauliza hayo yanawahusu nini. Yanawahusu. Hata mimi sikujua kwamba yanawahusu mpaka Neema, mtoto wa kaka yangu, alipokuja kwangu na kompyuta kwapani na uso wa mtu aliyefiwa. Neema ameandika programu ya kuwatumia abiria wa mabasi ujumbe: basi limetoka, basi limechelewa, basi limeharibika. Abiria wa Igunga walikuwa hawapati ujumbe. Wanasimama kituoni na magunia yao ya mpunga, basi linapita, ujumbe unaingia kesho yake.

"Programu haijafa, shangazi," aliniambia. "Inafanya kazi kwelikweli, haipumziki hata kidogo. Ila kuna watu haiwafikii."

Nilivaa miwani. Mimi nimestaafu kwa hiari baada ya miaka mingi ya kufundisha kompyuta chuoni, kwa hiyo najua kuvaa miwani kwa namna inayomfanya mwanafunzi anyooke. Programu yake ilikuwa na foleni moja na mzunguko mmoja: chukua kazi iliyo mbele, ifanye, ikiisha chukua inayofuata. Nzuri tu. Lakini kulikuwa na kazi moja ambayo kila ikiisha ilizaa nyingine, na ile mpya, kwa kuwa mama yake ndiye aliyekuwa akihudumiwa, ilipewa nafasi ya mbele. Nayo ikizaa, mtoto wake anakaa mbele. Foleni nzima ya Igunga imesimama, inatazama mgongo wa ukoo mmoja.

Nilimtambua mara moja. Alikuwa Bwana Tumbaku.

Lakini niwaeleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi wenu hamjawahi kuiona. Nilipoanza kazi ya opereta wa simu Tabora nilikuwa na miaka kumi na tisa, cheti cha kidato cha nne, na imani thabiti kwamba nina sauti nzuri. Zilikuwa zile siku za vijiji vya ujamaa, tukiitana ndugu, sukari na sabuni tukizipangia foleni. Swichibodi yetu ilikuwa kama kabati la mbao lenye matundu usoni. Kila tundu lilikuwa simu ya mtu au njia ya kwenda mji mwingine, na mkononi una nyaya zenye plagi za kuunganisha tundu hili na lile. Anayetaka kuongea na mtu wa mbali anaweka trankoli: anafika dirishani, anasema anamtaka nani na yuko wapi. Unaandika kwenye kikaratasi, unakisimamisha nyuma ya vingine kwenye kisanduku chembamba cha mbao, kisha unamwambia neno moja ambalo ndilo lilikuwa kazi yetu yote: "Tutakuita." Basi anakwenda kukaa kwenye benchi. Zamu yake ikifika, unamwita.

Nyinyi mnalo neno lenu la Kiingereza, callback, kwa kazi zinazongoja kuitwa, na mnalitamka kana kwamba limezaliwa mwaka jana. Sisi tulikuwa na "tutakuita", na benchi lilikuwa la mninga.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Bi Ashura, opereta mkuu, mtu wa mjini hasa, ambaye mababu zake walifika Tabora na misafara ya pembe na chumvi wakasahau kuondoka. Alitafuna karafuu mchana kutwa. Wiki ya kwanza alinipa jina la Bibi Harusi, kwa sababu nilikaa wima mbele ya swichibodi, mikono mapajani, nikingoja. "Bibi Harusi," alikuwa akisema, "simu inalia, mume hajafika."

Kosa langu la kwanza lilikuwa la heshima. Mtu alimtaka mwalimu mmoja wa Kigoma, na mwalimu alikuwa darasani, kwa hiyo kule Kigoma wakatuma mtu akamwite. Mimi nikakaa nimeishika laini, nangoja. Nilidhani kukata ni ukosefu wa adabu. Bi Ashura alipita nyuma yangu, akaona taa nne za wapigaji wengine zinawaka na mimi nimetulia kama niko ibadani, akaichomoa plagi kwa mkono wake mwenyewe. Aliniambia kwamba mwalimu anafuatwa na mtu wa Kigoma, hafuatwi na mimi. Weka karatasi pembeni, mhudumie mwingine, Kigoma wakimpata watalia wenyewe. Nimewafundisha jambo hilo wanafunzi wa miaka yote, wengine wakaja kuwa wakubwa kuliko mimi, na sijawahi kupata maneno mazuri zaidi ya hayo: usimngoje mtu huku umeshika laini.

Sasa Mzee Maganga.

Alikuwa mfuga nyuki wa Ipole. Walipohamishiwa kijiji kipya, mizinga yake ilibaki kule msituni, kwa hiyo alikuwa mtu wa kutembea sana na kusema kidogo. Binti yake, Kalunde, alikuwa ameolewa Dar es Salaam, na ilikuwa imekuja telegramu kwamba amejifungua mtoto wa kike. Mtoto wa kwanza wa binti, jina lake hutolewa na babu. Ndivyo walivyokuwa wamekubaliana na wakwe. Lakini wakwe nao walikuwa na bibi zao wa kurithiwa majina, wakasema watangoja mpaka Ijumaa saa kumi alasiri. Ndiyo siku ya kumtoa mtoto nje, na mtoto hatoki nje bila jina. Ikipita saa hiyo, wanampa la kwao.

Alifika Ijumaa asubuhi, tulipokuwa tunafungua. Alikuwa amevaa koti la mvua la kijani, ambalo nadhani lilikuwa koti lake pekee, ameshika chupa mbili. Moja ya asali. Ya pili ilikuwa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, imeoshwa, ina maji.

Karani wa telegramu, mtu mwenye huruma, alimshauri alitume jina kwa telegramu, litafika mchana. Mzee alikataa kwa upole. Jina halifiki kwa karatasi, alisema. Linatamkwa, mama wa mtoto analisikia kwa sikio lake, kisha linatemewa maji ya baraka. Ndiyo kazi ya ile chupa ndogo. Alikuwa amekuja kutema maji kwenye simu.

Nilimweleza kwamba simu ni mali ya serikali.

"Basi na serikali ibarikiwe," alisema, akacheka. Nilikuwa sijasikia mzee akicheka hivyo, kwa sauti ya chini ndefu, kama gunia la karanga linalomwagwa taratibu.

Niliandika karatasi yake. Dar es Salaam, dukani kwa jirani wa Kalunde, ambako kulikuwa na simu. Mwenye duka atamwita, na Kalunde atamwacha mtoto ndani aje mbio. Mbele yake kulikuwa na karatasi moja tu. Nikamwambia, "Tutakuita, mzee." Akaenda kukaa benchi, chupa moja kila upande wake.

Karatasi ile moja ilikuwa ya Bwana Tumbaku.

Nataka mnielewe, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa afisa wa ofisi fulani ya kununua tumbaku ambayo sasa haipo, na wiki ile marobota yalikuwa yamelala juani yakingoja malori. Kila simu aliyopiga ilikuwa ya haki. Nilikuwa sijawahi kumwona wakati huo. Nilimjua kwa sauti tu. Lakini sauti yenyewe, wanangu. Alisema "ndugu opereta" namna ambayo ndugu hasemi. Miezi mitatu mizima nilikuwa nimemjengea sauti ile mwili, mabega, na mashati. Baadaye nilikuja kumwona dirishani, mfupi, na mke wake, na kipara, akanunua stempu. Lakini Ijumaa ile bado alikuwa na mabega.

Simu yake ya kwanza ilichukua dakika tatu kama sheria. Nikashika plagi niichomoe.

"Usikate, ndugu opereta," akasema. "Niunganishe tena hapohapo Dar, namba nyingine. Dakika moja tu."

Nilifikiri hivi, na naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndivyo mnavyofikiri nyinyi: huyu nimeshamfungulia. Laini ya Dar iko mkononi. Nikimaliza shida yake yote ndipo nitakuwa nimemmaliza, kisha nitachukua karatasi inayofuata. Kazi moja mpaka mwisho. Kuna utaratibu gani mzuri kuliko huo? Basi namba ile ikamwambia malori yako kwa mtu mwingine. Usikate, ndugu opereta. Yule mtu mwingine akasema karatasi zimelala Morogoro, na Morogoro tuliipata kwa laini hiyohiyo. Usikate. Morogoro wakasema waulizwe Dar. Kila simu ilizaa simu, na mimi kila iliyozaliwa niliiweka mbele, kwa kuwa mama yake nilikuwa nimemshika mkononi. Katika kichwa changu sikuwa nimempendelea mtu. Bado nilikuwa na mteja mmoja tu, na bado sikuwa nimemmaliza.

Katikati ya simu hizo alikuwa akinisifu. Nisiwafiche hilo.

Bi Ashura hakuwepo. Alikuwa amekwenda msibani Igunga. Angekuwepo ningechomolewa plagi saa mbili na nusu asubuhi.

Mzee Maganga hakulalamika. Alikuja dirishani mara ya kwanza, nikasema bado kidogo. Mara ya pili nikasema laini ina shida. Mara ya tatu ilikuwa saa saba mchana. Bwana Tumbaku alikuwa akingoja Morogoro watafute faili, na mimi nilikuwa nimeishika laini, nangoja pamoja naye, kosa lilelile la mwalimu wa Kigoma, huku ananiuliza kama wasichana wa Tabora wote wana sauti kama yangu. Mzee akauliza laini imepatwa na nini. Ilibidi niseme kitu, na mtu mwenye haraka haangalii anachookota.

"Mvua, mzee," nikasema. "Kuna mvua kubwa huko njiani. Imeangusha nguzo."

Ilikuwa Agosti. Mlango wa posta ulikuwa wazi na nje vumbi lilikuwa limesimama hewani kama limeitwa. Mzee aligeuka akatazama nje, akanirudia. Akauliza mvua hiyo iko upande gani.

Ningeweza kuchagua mahali popote kwenye ramani ya nchi yetu. Nilichagua Dodoma.

Alitikisa kichwa polepole, akarudi benchini. Sasa nakumbuka kitu ambacho siku ile sikukitia maanani. Dirisha langu halikuwa na kioo. Kutoka kwenye benchi lile mtu alinisikia kila neno: haloo Dodoma, nipe Dar; haloo Dar, asante, nipe na hii; na kicheko changu.

Saa kumi kamili alisimama. Alikuja dirishani akaweka ile chupa ya asali mbele yangu. Alisema alimletea mtu atakayemuunganisha, na mimi nimehangaika tangu asubuhi, kwa hiyo ni yangu. Ile chupa ndogo ya maji aliirudisha mfukoni. Nilimwomba aniambie hilo jina, nitalifikisha mimi mwenyewe laini ikipona, hata usiku.

"Hapana, binti," alisema. "Likipita kinywani mwako litakuwa lako." Kisha akaongeza, kwa adabu kabisa, "Pole na mvua."

Akaondoka. Ningependa kuwaambia kwamba asali ile sikuigusa. Niliila wiki mbili, kwa kijiko.

Bi Ashura alirudi Jumatatu. Alikuwa na desturi ya kusoma karatasi za siku alizokosa, kila moja na saa yake, kama watu wanavyosoma barua. Alisoma za Ijumaa, akazigeuza, akazisoma tena. Karafuu ilitulia mdomoni. Karani wa telegramu alikuwa amekwisha kumweleza habari za mzee na chupa zake.

"Laini ilikuwa mbovu," nikasema kabla sijaulizwa.

"Laini gani hiyo," alisema Bi Ashura, "mbovu kwa mzee wa Ipole na nzima kwa bwana wa tumbaku?"

Nikashikilia palepale. Mbovu. Inakuja na kupotea. Nilijua anajua, naye alijua kwamba najua. Hakunifukuza wala hakuniandikia ripoti. Alifungua mkoba wake akatoa rula ya mbao, ya shule, yenye jina la mwanawe limechorwa kwa kisu. Akasema basi, kama laini ni mgonjwa, tutaanza kumuuguza.

Alichukua kile kisanduku cha karatasi akaichomeka rula nyuma ya karatasi ya mwisho iliyokuwemo. Zilizo mbele ya rula, alisema, ndiyo duru hii. Hizi na hizi tu. Mtu akija sasa, karatasi yake inakaa nyuma ya rula. Mteja aliyeko kwenye laini akisema usikate nipe nyingine, mpe jibu zuri, mwandikie karatasi mpya, na karatasi hiyo nayo inakwenda nyuma ya rula kama ya mtu aliyeingia sasa hivi kutoka barabarani. Hata awe nani, hata awe na sauti gani. Hapo alinitazama. Duru ikiisha, rula inahamia nyuma kabisa, duru nyingine inaanza.

Nilimuuliza amelitoa wapi wazo hilo. Kwenye duka la ushirika, alisema. Foleni ya sukari. Watu walikuwa wakiweka mawe kushika nafasi, na jiwe halikuwa na tatizo, jiwe huleta mtu mmoja. Tatizo alikuwa mama anayefika mbele, akishapokea kilo yake anasema na ya dada yangu, na ya jirani, na ya mama mkwe, naye bado ni mteja mmoja. Siku moja mwenye duka alitoka nje akachora mstari mavumbini kwa kisigino, akasema anayetaka ya dada yake akasimame nyuma ya mstari.

Tuliuita mtindo huo "kupiga rula". Wenye haraka kweli, daktari na polisi, walikuwa na kisanduku chao kidogo, nao walitangulia. Lakini Bi Ashura alijua kwamba hata haraka huzaana, basi ikawa wa haraka wawili, kisha wa kawaida mmoja, hata kama wa haraka bado wapo. Kuna mganga mkuu alikuja kugomba. Bi Ashura alimsikiliza mpaka mwisho, akamwandikia karatasi, akaiweka mahali pake.

Na hilo ndilo nililomwambia Neema. Usiiulize foleni kama imeisha, maana foleni inayozaa haiishi. Kabla duru haijaanza, hesabu zilizopo. Zifanye hizo tu. Kinachozaliwa njiani kikangoje duru ijayo, pamoja na watu wa Igunga. Aliandika mistari minne, akafuta mitatu. Ujumbe wa Igunga ukaanza kutoka kama njugu.

Alifurahi. Akanywa chai. Kisha akauliza, kama vijana mnavyouliza, bila nia mbaya, "Na yule mzee, shangazi? Jina lake lilifika?"

"Bahati mbaya," nikasema, "siku ile laini ilikuwa..."

Skrini ilikuwa mbele yetu, na juu yake kosa langu limeandikwa kwa lugha ya kompyuta, mstari kwa mstari. Haikuwezekana kumwambia mtoto yule kwamba kosa lile lilitokana na waya.

Wiki iliyofuata nilipanda basi la Ipole. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Mimi ni mtu wa hotuba. Nilimkuta mdogo wake Kalunde, Mihayo, mzee sasa, anarina asali kama baba yake. Tulisalimiana, mwangaluka, mwangaluka, nikakaribishwa kiti. Mzee Maganga alikuwa amefariki zamani. Kalunde naye alikuwa ametangulia, miaka michache iliyopita. Hotuba ilikauka. Nilisema tu kwamba nilikuwa opereta wa simu Tabora, na kwamba nilimfahamu baba yao siku moja. Mihayo aliacha alichokuwa akifanya.

"Dada wa simu," alisema.

Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza jina la yule mtoto. Ni swali la neno moja. Sikuuliza, kwa sababu akinitajia jina la bibi wa wale wakwe ningelazimika kulibeba kwenye basi mpaka Tabora. Badala yake niliomba kuongea na mwenyewe. Mihayo alisema simu yake haina salio, lakini nimwachie namba, atamfikishia.

"Nenda tu nyumbani," aliniambia. "Tutakuita."

Niwaambie basi jinsi benchi lilivyo, kwa upande ule ambao nilikuwa sijawahi kuukalia. Siku ya kwanza nilikwenda na simu bafuni. Siku ya pili niliwakatia watu watatu waliopiga kunisalimu, ili laini iwe wazi. Siku ya tatu nilimpigia Neema anipigie, nione kama simu inalia, ililia. Nilijiambia mtoto wa Kalunde ana kazi, nikajiambia ana hasira. Hakuna aliyeniambia niko wa ngapi kwenye foleni. Mzee wa watu alikaa hivyo kutwa nzima na chupa mbili, na mimi nilikuwa na kiti cha mto na redio.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, nilikuwa nachambua mchele. Namba ngeni.

"Haloo. Naongea na dada wa simu wa Tabora?"

Hakuna aliyeniita hivyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nilisema ndiye.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mtoto wa Kalunde. Yule wa jina."

Nikaitikia marahaba. Nikaanza hotuba, nikasema kuna jambo la Ijumaa ile, akanikatiza kwa upole, akaniomba nimwache yeye amalize kwanza, maana amelibeba siku nyingi. Alikuwa na sauti ya mtu wa Dar, ya haraka, lakini mahali fulani chini yake kulikuwa na kitu kingine, kirefu na cha taratibu.

Alisema Ijumaa ile babu yake hakurudi Ipole. Alitoka posta akaenda stesheni, akapanda treni ya jioni akiwa na lile koti na ile chupa ndogo ya maji. Kule Dar saa kumi ilipita, wakwe wakaja juu, na mama yake akajifungia chumbani na mtoto. Alisema baba yake akiahidi kupiga, atapiga. Hakufungua Ijumaa, hakufungua Jumamosi, anapitishiwa uji dirishani. Jumapili asubuhi mlango ukagongwa.

"Hakupiga simu," alisema. "Alipiga hodi."

Alikaa kwao mpaka masika yakaanza, hana nauli ya kurudi. Aliporudi Ipole msimu wa asali ulikuwa umepita na mizinga yake karibu yote imevunwa na watu wasiojulikana. Mwaka ule hakupata hata debe. Mjomba Mihayo aliacha shule. Hayo aliyasema bila kuyapunguza na bila kuyakazia, kama mtu anayesoma orodha, na mimi niliyapokea moja moja. Babu alifariki yeye akiwa na miaka miwili. Yeye hamkumbuki. Lakini babu alikuwa amemshika mikononi mwake, na maji ya ile chupa alimtemea mwenyewe, juu ya utosi.

"Na jina?" nikauliza. Ilinichukua miaka thelathini na kitu kulitoa swali hilo.

"Babu alitoka nyumbani na jina la mama yake mzazi," alisema. "Alilibadilisha kwenye treni. Mama alinisimulia kwamba alikaa dirishani usiku na mchana akizitazama nguzo za simu. Kutoka Tabora mpaka Dar hakuna hata moja iliyoanguka. Dodoma ilikuwa vumbi tupu. Alipofika, kabla hajasalimia mtu, alicheka mpaka mama akaogopa. Kisha akanichukua, akanitemea maji, akaniita Kabula."

Niliuacha mchele.

"Nimezaliwa Agosti, mama," alisema Kabula. "Kila mtu wa kwetu nikimtajia jina langu ananiambia, kumbe wewe ulizaliwa mvua ikinyesha. Sina la kujibu. Babu alimwambia mama, akikua atamuuliza dada wa simu. Basi nimekua, nauliza. Hiyo mvua ilinyesha wapi?"

"Haikunyesha, mwanangu," nikasema. "Laini ilikuwa nzima."